Pua ya Fundi wa Friji

Wiki iliyopita binti wa Fundi alinipigia simu kutoka Mwanza. Ilikuwa mchana, nimekaa uani namenya viazi.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Kwema huko?"

"Kwema. Ila baba, mama mdogo. Baba hasikii harufu."

Nilicheka. Wallahi nilicheka mpaka kisu kikaniponyoka. "Baba yako huyuhuyu?" nikamuuliza. "Aliyejua nimeunguza wali kabla mimi mwenyewe sijajua?"

Binti hakucheka. Akanieleza kwamba alipokuja Tabora sikukuu ya Idi alimkuta baba yake anakunywa maziwa yaliyoharibika, na anayasifia. Kesho yake maharage yakaungua jikoni mpaka jirani akaja kugonga mlango, na baba mwenyewe yuko chumba cha pili anasoma gazeti, ametulia. Tangu yale mafua makubwa ya mwaka juzi pua yake haikurudi, na hakumwambia mtu. Anaishi peke yake tangu mkewe afariki, anapikia gesi, na kengele ya gesi amekataa kuweka.

"Nikimwambia, anasema yeye ana pua," binti akaendelea. "Kaka zangu wamejaribu, wamefukuzwa. Wewe ni mtani wake, mama mdogo. Kwako hawezi kukasirika. Mwambie kabla hatujaitwa kuja kuzika."

Nikamwahidi nitakwenda Ijumaa. Tangu hapo nikawa namwaza huyu mtu. Napika huku nacheka peke yangu, halafu nakumbuka ile sauti ya binti kwenye simu, nanyamaza.

Alikozaliwa na ukoo wake sitaandika. Mwenyewe hapendi habari hizo. Mgeni akimuuliza, "Kwani Fundi, wewe ni wa ukoo gani?" anajibu, "Ukishamjua babu yangu, friji yako itapoa?" Na jina lake sina haja nalo. Tabora mafundi wamejaa, wa baiskeli, wa redio, wa cherehani, lakini nyumbani kwetu ukisema "Fundi" ni mmoja, mfupi, mweusi, mwenye kofia ya kiua iliyofuliwa ikang'aa, na pua pana ambayo nimeitania kuliko nilivyowahi kumtania mume wangu.

Na haki ya kuitania ninayo. Mimi ni Mzaramo niliyeolewa Unyamwezini, yeye ni Mnyamwezi. Babu zake walitembea na mizigo kutoka huku mpaka pwani kwetu, wakachoka, wakala kwetu, wakagombana na babu zangu, wakataniana, na waliokufa wakazikwa na watani wao. Sisi tumeurithi huo ugomvi mtamu. Mimi namwamkia, "Shikamoo mpagazi." Yeye ananijibu, "Marahaba, mla nazi." Kofia yake nimeshaipokonya mara tatu mbele za watu, na hakuipata mpaka aniletee karanga. Yeye ameshanichukulia visu, mwiko, na siku moja jogoo mzima ambaye nilikuwa nimeshamkusudia wageni.

Wageni ndio waliotukutanisha. Mume wangu alinunua tela la kulala kutoka kwa mume na mke wa Kizungu waliolikokota nchi nzima, wakafika Tabora wakachoka na safari, na nadhani wakachokana na wao wenyewe. Tela lina vitanda vinne, jiko la gesi, friji ndogo na meza ya kukunja. Tukaanza kuwapitisha watu njia ya zamani ya misafara: tunaanzia Kwihara kwenye tembe, tunalala Urambo, tunashuka taratibu mpaka Ujiji. Mume wangu anaendesha, mimi napika na kusema. Wanakuja walimu, wanakuja Wazungu wenye vitabu, wanakuja vijana wa Dar wanaotaka kupiga picha.

Sasa ndani ya tela, chini kabisa karibu na sakafu, kuna kiboksi cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Kazi yake ni kunusa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito, ikivuja inatambaa chini, ndiyo maana kiboksi kimefungwa chini. Kikiinusa kinalia, na kilio chake jamani kinaingia kwenye meno. Msimu wa kwanza kililia kila tulipogeuka. Kililia hatujawasha jiko, kililia tumefunga mtungi, kililia mgeni amelala na mdomo wazi. Mimi sina subira. Nikamwambia mume wangu, kata waya. Mume wangu akasema, tumwite kwanza rafiki yangu wa friji, yeye gesi anazijua.

Akaja na baiskeli. Hata salamu hakumaliza. "Nani yuko ndani?" Nikamwambia ni wageni wawili, wanakunywa chai, na kengele inadanganya tu. Akapanda ngazi, akawatoa na vikombe vyao. Akafunga mtungi, akafungua madirisha, akanikataza kugusa swichi ya taa. Halafu akakaa chini kwenye nyasi kana kwamba hana kazi.

"Si nimekwambia inadanganya?" nikamwuliza.

"Umeniambia. Kwanza toka nje, ubishi baadaye."

Hilo neno lilikuwa lake. Alilisema hivyohivyo kila alipoitwa, na aliitwa mara nyingi mno. Hata ungemwapia kwamba kengele ni mbovu, hata angekuwa ameshaikuta mbovu mara kumi, mara ya kumi na moja alimtoa kila mtu nje. Aliwahi kumtoa mgeni mmoja aliyekuwa amejipaka sabuni kichwani.

Baada ya hapo yanafuata maswali, na maswali yake yalikuwa ya polisi. Mmepika nini? Nani kapuliza dawa ya mbu? Nani kapaka rangi ya kucha? Mmelala na friji inawaka? Mnajibu, yeye anatikisa kichwa. Halafu anachukua povu la sabuni na brashi ya kunyolea ndevu, anapaka kwenye mpira wa gesi na kwenye kila maungio, anatazama kama povu linatoa mapovu mapya. Halafu ndiyo pua. Analala kifudifudi sakafuni, kofia kaigeuza nyuma, makalio juu, pua chini, anatambaa taratibu kutoka mlangoni mpaka chini ya jiko huku amefumba macho. Mara ya kwanza nilipomwona hivyo nilikimbilia nyuma ya gari nikacheka mpaka nikakaa chini. Aliposimama alikuwa na vumbi usoni kote.

"Hakuna gesi humu," akasema. "Kuna vitunguu, kuna soksi, kuna mtu kala embe kitandani. Gesi hakuna."

Ndipo akatoa mita yake akapima betri. Ilikuwa imechoka, friji imeifyonza usiku kucha. Akanikalisha pale akanifundisha, na sijasahau: kiboksi kikilia mfululizo bila kupumua, kimenusa kitu hewani; kikilia mara moja, kikanyamaza, kikalia tena baada ya muda, hicho kina njaa ya umeme. "Hakidanganyi, Mzaramo," akaniambia. "Kinasema kina njaa. Wewe hujui lugha yake unakitukana." Tukaongeza paneli ya sola juu ya tela, na kwa miezi kadhaa tukapata amani.

Si kwamba kilinyamaza moja kwa moja. Kijana mmoja wa Dar alipuliza dawa ya mbu nusu kopo na milango imefungwa, kikalia. Mwalimu mmoja mama alijipulizia marashi karibu nacho, kikalia, akadhani ni yeye anatukanwa. Lakini kisa kikubwa ni cha asali, na hiki nikikisimulia mbele ya Fundi anajifanya hasikii.

Tulikuwa tumewachukua wazee wa kanisa, Wamoravian, watu wazima wa heshima zao, waliotaka kuiona njia ambayo mababu zao waliipita na mizigo. Tukiwa njiani kurudi, mbele kidogo ya Urambo, nikawaona kina mama wanauza asali. Rahisi! Nikanunua ndoo mbili nikazisukuma chini ya kitanda, sikumwambia mtu. Kumbe ile asali ilirinwa kabla haijaiva, majimaji tupu. Jua la Tabora mnalijua. Siku ya pili mchana kiboksi kikaanza, na kilikuwa kilio cha mfululizo. Tukasimama, tukafungua madirisha, kikanyamaza. Tukifunga tu, kinaanza tena. Wale wazee wakamaliza safari wamebanana kwenye gari la mbele, hakuna aliyetaka kugusa tela, na mmoja akaanza kuomba kwa sauti.

Tulipofika, Fundi akafanya mambo yake yote. Povu, hakuna kitu. Betri, nzima. Akalala chini, akatambaa, akafika kitandani, akasimamisha pua. Akanusa mara moja tu.

"Shemeji," akasema akiwa palepale chini, "tangu lini unapika wanzuki?"

Wanzuki, kwa asiyejua, ni pombe ya asali. Vifuniko vya ndoo vilikuwa vimevimba kama mashavu ya mtoto mwenye jino. Asali ilikuwa imeshaanza kuchacha, na ule mvuke wa pombe umetambaa sakafuni ukakikuta kiboksi. Wazee wa kanisa wamesimama mlangoni wananitazama. Nami badala ya kuomba radhi nikamgeukia Fundi, "Na wewe, swala tano, harufu ya wanzuki umeijulia wapi?" Weee! Yule mzee aliyekuwa anaomba ndiye aliyecheka wa kwanza. Fundi akavaa viatu akaondoka na baiskeli, na mpaka leo swali langu halijajibiwa.

Mtu mwenye pua ya kuijua asali namna hiyo ungedhani anapenda nyuki. Anawaogopa kuliko chochote. Tulimchukua safari moja ili aiangalie friji njiani, tukaegesha mahali penye mizinga kwenye miti. Alikataa kushuka. Alifunga vioo vyote vya gari, kwenye joto lile, akamwelekeza mume wangu kwa vidole kupitia kioo: fungua hiki, zungusha kile. Jasho linamtiririka, kofia imelowa. Nikamletea asali kwenye kisosi nikamwonyesha nje ya kioo, akanirushia matusi ambayo sikuyasikia lakini niliyaona.

Ana mengi ya namna hiyo. Anatengeneza friji za mji mzima na maji ya baridi hanywi, anasema yanamwumiza fizi. Umri wake anaupunguza kila mwaka, lakini namba ya mita hawezi kukudanganya hata umlipe. Ijumaa akishavaa kanzu hagusi chombo cha mtu, hata friji ya bucha iwe imekufa na nyama ndani. Mkewe, ambaye alikuwa shoga yangu, alikuwa akisema mume wake anawanyenyekea mafriji kuliko wakwe. Marehemu alimsema hivyo huku anamfunga vifungo vya kanzu.

Hasira anazo pia, na nilizionja. Msimu mmoja wa shughuli nyingi kiboksi kilikuwa kinalia kila siku, nami nikawa nimechoka. Nikakivisha kitambaa. Kipande cha kanga ya zamani, nikakizungushia mara nne, nikafunga na kamba. Kikanyamaza, nikajiona mjanja. Wageni wawili wakalala humo njia nzima kutoka Ujiji. Tuliporudi mjini Fundi akaja kusafisha friji, akakiona. Aliwatoa watu, akafungua madirisha, akafungua fundo taratibu. Kitambaa kilipotoka tu, kengele ikalia. Akalala chini, akatambaa, akaniita nije na povu. Nyuma ya jiko kulikuwa na kipete cha mpira kwenye maungio, kimepasuka kwa sababu ya zile barabara za makorongo. Povu likawa linachemka pale mbele ya macho yangu.

Alikibadilisha. Akakikunja kile kipande cha kanga vizuri, kona kwa kona, akaniwekea mkononi, akaenda zake. Mwezi mzima hakunitania. Tukikutana sokoni ananiambia, "Hujambo mama," anapita. Hujambo mama! Mimi! Afadhali angenipiga. Usiku nilikuwa nawaona wale wageni wawili wamelala, na nilijua kabisa kwamba nusura niwaue kwa ajili ya kupata kimya. Nilimpelekea kuku, akampokea kwa adabu, akashukuru, na adabu ile ikanitoa machozi. Siku moja akaingia jikoni kwangu bila hodi, akachukua sufuria langu kubwa kuliko yote, na pilau likiwa ndani, akatoka nalo kichwani. "Mpagazi ni mpagazi tu!" nikapiga kelele nikimfuata mtaani, nacheka, nalia. Alikuwa amenisamehe.

Kile kiboksi cha kwanza alikuja kukitoa mwenyewe baadaye. Akakigeuza nyuma, akanionyesha mwaka ulioandikwa, akaniambia vitu hivi vina umri wao. Kikishazeeka, kinaweza kulia bila sababu, na kibaya zaidi kinaweza kuacha kulia na taa yake bado ni ya kijani, mkadhani kizima. Akatuwekea kipya. Nilimwuliza, kwa nini nyumbani kwake hana hata kimoja? Akagusa pua. "Mimi ninacho, na hakitaki betri."

Na hapa ndipo ninapojilaumu. Mwaka jana aliitwa tena kwenye tela, akafanya kila kitu kama kawaida, akalala chini, akatambaa mpaka mwisho. Lakini aliposimama hakutaja vitunguu wala soksi wala chochote. Akarudia kupaka povu mara ya pili, halafu mara ya tatu. Nikamwuliza, "Vipi mpagazi, pua imekwenda likizo?" Akacheka sana. Alicheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe ulivyostahili, akashika hata ukuta. Nami nikafurahi kwamba leo nimempata. Nilikuwa nimeshika ukweli mkononi, jamani, na kwa kuwa kati yetu kila kitu ni mzaha, ukatupita wote wawili. Yeye aliuacha upite, na mimi sikujua kama umepita.

Basi Ijumaa ilipofika nikapanda bajaji kwenda kwake Kitete, saa tisa alasiri, na kiboksi kipya ndani ya mkoba. Njia nzima nilikuwa naandaa utani. Nitamwambia Wanyamwezi mlibeba mizigo ya watu mpaka mkasahau pua zenu porini. Nitamwambia tunaitangaza pua yake redioni, aliyeiona aipeleke msikitini. Dereva alinisikia nanong'ona, akanitazama kwenye kioo.

Nikapiga hodi.

"Karibu, mla nazi! Mlango uko wazi!"

Sijavua hata kandambili, harufu ikanipiga. Gesi, nyingi. Kwenye jiko kulikuwa na sufuria la maziwa, yamefurika, yamezima moto, na koki ya gesi bado iko wazi. Hatua tatu kutoka hapo Fundi amekaa mezani na kanzu yake nyeupe, redio ndogo imefunguliwa mgongo mbele yake, maana redio yake mwenyewe Ijumaa haina mwiko. Mkono mmoja ameshika chuma cha kulehemu. Mkono wa pili ameshika plagi yake, anaipeleka ukutani.

"Usichomeke!"

Sijawahi kupiga kelele namna ile maishani. Aliganda. Nilifunga mtungi, nikasukuma madirisha yote mawili, nikamshika kanzu kifuani nikamvuta mpaka nje, nikasikia inachanika. Sikumwachia mpaka tuko barazani. Nikakaa chini kwenye saruji. Naye akakaa, anaangalia mlango, anaangalia mkono wake ambao bado umeshika ile plagi.

Halafu akasema, "Umenichania kanzu, Mzaramo."

Akangoja. Ilikuwa zamu yangu, na maneno nilikuwa nayo, si nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi? Nikafungua mdomo nikaanza kulia.

Akanitazama upande. "Mtani."

"Abee."

"Nitanie basi."

"Siwezi."

"Kidogo tu."

"Siwezi, Fundi. Pua yako imekufa. Ungekufa na wewe sasa hivi, mimi nimesimama mlangoni na viatu."

Aliivua kofia, kitu ambacho sijamwona akikifanya mwenyewe, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo. Nadhani angenikatalia kama ningecheka. Mwanamke aliyemtania siku ya posa ya bintiye, aliyemtania hospitalini akiwa na dripu mkononi, leo amekosa mzaha. Akajua hapana pa kujificha.

"Nimejua tangu mwaka juzi," akasema. "Pale kwenye tela lako nilikuwa natambaa tu. Sakafu haikuniambia kitu."

"Na hukusema!"

"Ningesema nini? Friji siku hizi kila kijana anatengeneza. Mimi wananiitia pua, shemeji. Wakijua haipo, wataniitia nini?"

Hapo nikakasirika, na hasira ikanisaidia. "Mimi sijawahi kukuitia pua," nikamwambia. "Nimekuitia kwa sababu ukija unawatoa watu wote nje kabla hujajua kama ni kweli au uongo. Wale wageni wawili wako hai kwa sababu hiyo. Povu unalo, mita unayo, akili unayo. Mimi nakupenda kama kaka yangu, unasikia? Na sitaki kuja kwenye msiba wako kugaragara na kukutania huku hunijibu."

Akafikiri. "Ungenitania vibaya?"

"Ungekoma."

Akacheka. Safari hii alicheka kidogo tu, chini chini, akarudisha kofia kichwani. "Haya. Lete hicho kidude. Nimekiona kwenye mkoba tangu ulipokaa."

Tukangoja nyumba ipate hewa. Kila baada ya muda aliniuliza, "Bado?" nami naingia, nanusa chini, namwambia bado. Nilipomwambia harufu imekwisha, akakubali, tukaingia. Nilikifunga mimi, maana yeye alisema leo amevaa kanzu, hata kama imechanika. Alisimama nyuma yangu akinisumbua: shusha, shusha tena, shibiri moja kutoka sakafuni, si karibu na mlango, si nyuma ya pazia, bisibisi unaishika kama mwiko. Kilipowaka taa ya kijani akakipulizia gesi ya kiberiti bila kuwasha moto, kikalia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nilikuwa nafunga mkoba niondoke, nikamwona ametoa chetezo kutoka juu ya kabati. Akaweka makaa aliyoyaleta kutoka kwa jirani, akatia vipande vya udi. Mkewe alikuwa akifukiza nyumba kila Ijumaa alasiri, na yeye hakuacha.

"Miaka miwili nafukiza tu," akaniambia, hanitazami. "Sijui hata kama muuzaji ananipa udi au maganda ya mti. Naona moshi, basi."

Moshi ukapanda, ukaenea, ukatanda mpaka chini kwenye ukuta wa kiboksi. Kiboksi kikalia.

Nikaruka. Yeye alikuwa ameshageuka kwenye jiko.

"Mtungi?" akauliza.

"Nimeufunga."

"Hakikisha."

Nikazungusha tena, umefungwa. Madirisha yote wazi. Nikapiga magoti sakafuni, nikanusa chini ya jiko na kando ya mtungi: hakuna gesi, udi mtupu, udi mzuri kabisa, uleule wa shoga yangu. Nikashika upande wa kanga yangu ili nikipepee kinyamaze, maana kelele ilikuwa inapasua masikio, na nje jirani ameshaanza kuuliza kuna nini. Fundi akanishika mkono. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkewe, amefumba macho, uso ameuinua kule kelele inakotoka.

"Kiache kidogo, mtani," akasema. "Si kinaniambia udi unanukia?"

Nikamjibu jirani kwamba ni udi tu, nikavuta kigoda, nikakaa karibu na Fundi tukakisikiliza.